Pikapika na banjjak-banjjak hazifungwi kwa kamba moja

Mhariri,

Jedwali mlilochapisha kwenye safu ya lugha, lililopanga tanakali za sauti za Kijapani na za Kikorea bega kwa bega, linavutia macho lakini litawapoteza wanaojifunza. Liliweka pikapika mkabala na banjjak-banjjak, zote kwa maana ya kung'aa, likaonyesha kwamba kila upande hurudia neno mara mbili, kisha likahitimisha kuwa aliyezijua kanuni za lugha moja amekwisha kuzijua za pili. Kurudia ni kweli hurudia. Hitimisho ndilo lenye kasoro. Kwa kuwa tamthilia za Seoul sasa zinatiwa sauti za Kiswahili, na vijana wengi wanajifunza lugha hizi kwenye simu zao, tunaomba nafasi tueleze zinapoachana.

Zinaachana kwenye fundo, pale tanakali inapofungwa kwenye sentensi. Kijapani hufunga kwa kijineno kinachofuata nyuma ya tanakali. Kikorea kina kawaida ya kuiacha tanakali isimame peke yake kama kielezi, au kuigeuza kitenzi kwa kiambishi kinachoshikizwa kwenye mzizi, tena mara nyingi mzizi ambao haujarudiwa. Makosa mengi tunayosahihisha kwenye madaftari yanatokana na mtu kuchukua fundo la huku akalifunga kule.

Tuanzie nyumbani, maana Kiswahili nacho kina mali hii. Mtu hulala fofofo, hunyamaza jii, hutumbukia majini chubwi, huanguka mchangani tifu. Nguo huwa nyeupe pe na masizi meusi ti. Lakini tanakali yetu imeoa: ina kitenzi au kivumishi chake, na haitoki nje. Hakuna anayelala chubwi wala anayetumbukia fofofo. Wala si jambo la pembeni katika elimu ya lugha. Jina la kitaalamu la aina hii ya maneno linalotumika leo duniani, kwa Kiingereza "ideophone", lilisimikwa mwaka 1935 na Clement Doke huko Afrika Kusini, akieleza lugha za Kibantu, na wanaochunguza Kijapani na Kikorea wakaja kuliazima. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili haingii darasani mikono mitupu.

Kijapani kwanza. Chukueni mzizi mmoja tu, koro, wa kitu kidogo cha mviringo kinachobiringika. Korokoro ni kubiringika kunakoendelea, kama gololi kwenye mteremko. Korori ni kubiringika mara moja kisha kutulia taratibu. Koron ni kubiringika mara moja kwa mwangwi au kadundo kidogo mwishoni. Ya nne ni koro yenye kikwazo cha ghafla kooni, na ikifuatwa na kijineno to husikika korotto: kitu kimebingirika chap. Mzizi haujabadilika hata kidogo. Mikia ndiyo imebeba habari ya jinsi tendo lilivyokwenda na lilivyoisha. Ukijua mikia hii minne unaweza kukisia maana za mamia ya tanakali ambazo hujawahi kuzisikia.

Na mkia ndio unaoamua kama kijineno to ni lazima. Tanakali iliyorudiwa hukipokea kwa hiari: unaweza kusema kirakira hikaru au kirakira to hikaru, zote zikimaanisha kumetameta. Zinazoishia kwa -n au kwa kile kikwazo cha kooni hazisimami bila to. Ukiandika koron ochita umeandika sentensi iliyovunjika mguu. Sahihi ni koron to ochita. Zile fupi za -ri, kama korori, nazo karibu wakati wote hudai to, ila zile ndefu zenye konsonanti ya kukazwa katikati, kama yukkuri (polepole) na hakkiri (bayana), zimezoeleka mno kiasi cha kusimama zenyewe.

Huyu to ni nani? Ni kijineno kilekile ambacho Mjapani hukitumia kunukuu maneno ya mtu. Anayesema koron to ochita ni kana kwamba ananukuu kitu: kimeanguka kikisema "koron". Jirani zetu wa kusini wanafanya hivyohivyo kwa njia yao. Kizulu huiingiza tanakali kwa kitenzi -thi, yaani kusema: thula uthi du, nyamaza useme du. Hata kwetu mitaani utasikia "mlango ukafanya pa!" Kikorea kina hago, kinachotokana na kitenzi cha kufanya, na hukitumia zaidi kwa mlio wa mara moja: kwang hago, mlango umejibamiza. Ila Kikorea kikikosa hago mara nyingi sentensi haivunjiki, na Kijapani kikikosa to baada ya koron huvunjika. Tofauti hiyo ilistahili safu yake kwenye jedwali.

Kijineno cha pili cha Kijapani ni "ni", na hapa ndipo pikapika yenu ilipokwama. Pikapika hikaru ni kung'aa kunakoonekana sasa hivi. "Kutsu o pikapika ni migaku" maana yake ni kusugua viatu mpaka vikang'aa. Kipimo tunachowapa wanafunzi ni neno letu "mpaka": kama Kiswahili chake kinakubali "mpaka ikawa hivi", tumia "ni"; kama ni namna tu tendo linavyokwenda, tumia to au acha wazi. Mfano ulio wazi zaidi ni karakara. Karakara to warau ni kucheka kwa sauti, kwa kwa kwa. "Nodo ga karakara ni kawaku" ni koo kukauka kau. Herufi ni zilezile, lakini Mjapani wa Tokyo hazitamki sawa: ya kucheka hupandisha sauti kwenye silabi ya kwanza kisha ikashuka, KArakara, ya kukauka huanza chini ikapanda na kubaki juu bila kushuka. Wengi husoma vitabu mwaka mzima bila kuambiwa hilo, kisha wanashangaa kwa nini msikilizaji anakunja uso.

Kuna pia kitenzi suru, kufanya. Hupokea tanakali za hisia, mguso na hali: dokidoki suru, moyo kudunda, iraira suru, kukereka, kirakira suru, kumetameta. Haipokei kila mlio. Mvua kubwa ni ame ga zaazaa furu, inanyesha zaazaa, wala haifanyi zaazaa suru. Kwa mizizi michache kuna viambishi vya zamani -meku na -tsuku: kirameku, kung'aa kwa madaha, betatsuku, kunatanata. Cha kwanza kimeganda, usijaribu kuunda kipya kwacho. Cha pili bado kina uhai kidogo, na kwa kawaida kina harufu ya kero.

Sasa Kikorea. Katika herufi zetu eo isomwe kama o ya mdomo uliopanuka, na kk, tt, pp, jj ni konsonanti za kubana koo bila kutoa pumzi. Kwa njia, herufi zao wenyewe zilielezwa mwaka 1446, na katika maelezo hayo msomi Jeong In-ji alijivuna kwamba sasa hata sauti ya upepo, mlio wa korongo, kuwika kwa jogoo na kubweka kwa mbwa vinaweza kuandikwa. Hakutia chumvi.

Kielezi cha Kikorea hakidai kijineno: byeori banjjak-banjjak binnanda, nyota zinang'aa metameta. Kazi inaanza unapotaka kitenzi. Mzizi banjjak hupokea -georida, -daeda, -ida au -hada. Banjjak-georida ni kumetameta tena na tena. -Daeda ni ileile kwenye kamusi, lakini mdomoni mara nyingi hubeba lawama, kwamba jambo limezidi. Banjjagida ni kung'aa tu. Banjjak-hada ni kumulika mara moja. Kosa kubwa ni kuandika banjjak-banjjak-georida. Kiambishi -georida chenyewe kimeshabeba maana ya kurudia, hivyo hushikizwa kwenye mzizi mmoja. Ukirudia mzizi umevaa kofia juu ya kofia. Ukitaka umbo lililorudiwa liwe kitenzi, litie hada: banjjak-banjjak-hada. Wakorea wenyewe huteleza hapo wanapoongea, lakini kwenye mtihani na kwenye maandishi rasmi utakatwa alama.

Kuna mtego ndani ya mtego. Mzizi wa silabi moja lazima urudiwe kabla ya -georida. Nguruwe akiguna ni kkulkkul-georida, mtu akichekacheka chinichini ni kkilkkil-georida. Kanuni si "usirudie kamwe". Kanuni ni kwamba -georida hutaka kushika kitu chenye angalau silabi mbili. Nayo -ida ni mchaguzi kuliko wenzake: kkeudeok (kuitikia kwa kichwa) hutoa kkeudeogida, lakini biteul (kupepesuka) hutoa biteul-georida na biteul-daeda, hakuna biteurida. Hapo dawa ni kamusi.

Kiambishi hada nacho kina sura mbili. Kwenye mwendo hutoa kitenzi, na mbele ya nomino huwa -haneun: biteul-biteul-haneun, anayepepesuka. Kwenye mguso na umbo hutoa kivumishi, na mbele ya nomino huwa -han: mallang-mallang-han tteok, keki ya mchele iliyo laini ya kubonyea. Mjapani hapo angesema fuwafuwa no au fuwafuwa shita kwa kitu laini kama pamba, na wala asijali kugawa mwendo na mguso namna hiyo.

Utajiri mkubwa wa Kikorea, ambao jedwali halikuugusa kabisa, ni irabu. Irabu a, o na ae ni angavu: kitu kidogo, chepesi, cha karibu. Irabu eo na u ni za giza: kitu kikubwa, kizito, cha kina. Nyota ni banjjak, radi ni beonjjeok. Kijito ni joljol, maji mengi yanayomwagika ni juljul. Kijiwe kikitupwa bwawani ni pongdang, mtu mzima akitumbukia ni pungdeong. Sisi Waswahili, kijiwe na mtu, wote tunawapa chubwi. Irabu za neno moja huenda pamoja, zote angavu au zote za giza, kwa hiyo banjjeok si neno. (Kiswahili kina upatanifu wa irabu pia, som-ea dhidi ya pig-ia, ila wetu ni wa sauti tu na haubadilishi maana.) Mchezo huu umeingia hata kwenye rangi: norata ni manjano iliyo safi na angavu, nureota ni manjano iliyokolea kama mpunga ulioiva au karatasi iliyozeeka. Walakini mmoja: mruko wa sungura ni kkangchung-kkangchung, a ya mwanga na u ya giza ndani ya neno moja. Zamani liliandikwa kkangchong, kisha kanuni za lugha sanifu za mwaka 1988 zikapitisha u kwa sababu ndivyo watu walivyokuwa wakitamka.

Ongezeni konsonanti. Mzizi wa kuzunguka una bingbing ya kawaida, ppingpping ya kubana na pingping yenye mpumuo, yaani pumzi inayotoka kwa nguvu. Kila moja ina mwenzake wa irabu angavu, baengbaeng, ppaengppaeng na paengpaeng. Mzizi mmoja, maneno sita, na yote yamo kwenye kamusi. Kijapani hakina ngazi hiyo. Chenyewe hutumia konsonanti sighuna (zisizotetemesha koo, kama k) na ghuna (zinazolitetemesha, kama g): korokoro ni gololi, gorogoro ni jiwe kubwa au ngurumo, kirakira ni nyota, giragira ni jua la mchana linaloumiza macho. Radi haiwi kirakira kwa kubadili irabu. Mjapani huacha mzizi kira, akachukua mwingine, pika: pikatto hikaru. Kwa hiyo pale Mkorea anapogeuza irabu, Mjapani hubadili konsonanti ya mwanzo au huhama mzizi kabisa.

Hapa pana kosa la kusikia. Kwa sikio la Mswahili kk ya Kikorea iko karibu na g, na aliyeanza na Kijapani huamini kwamba g ni uzito. Basi huisoma kk kama "kikubwa". Sivyo. Konsonanti ya kubana huongeza nguvu na mkazo, haiongezi ukubwa. Ukubwa umekaa kwenye irabu. Ppingpping ni kuzunguka kwa nguvu kuliko bingbing, wala si kuzunguka kwa kitu kikubwa zaidi.

Tukiwa kwenye pika: wale wenye watoto wanamfahamu Pikachu. Pika ni cheche ya umeme, chu ni mlio wa panya. Sauti p mwanzoni mwa neno ilitoweka zamani kwenye maneno asilia ya Kijapani, ikageuka h, ndiyo maana kung'aa ni hikaru. Tanakali peke yake ndiyo iliyoing'ang'ania ndi.

Tanakali pia huzaa majina, kama sisi tulivyopata pikipiki na tingatinga. Wajapani wana pachinko, mchezo wa vigololi vya chuma, kutoka pachin, mlio wa kitu kugonga. Wakorea huita indiketa ya gari kkamppagi, kutoka kkamppak, kuwaka na kuzima. Kanuni zao za tahajia, kifungu cha 23, zimegawa majina haya makundi mawili: kama mzizi unapokea -hada au -georida, uandikwe ukionekana wazi, kama haupokei, neno liandikwe linavyosikika, mfano gaeguri (chura) na ppeokkugi (kekeo, ndege yule anayejitaja jina). Yaani kipimo cha sarufi tulichokieleza hapo juu ndicho kinachoamua herufi. Mwanafunzi asiyejua -georida hushika wapi atakosea hata kuandika.

Kwa wanaotia sauti tamthilia, tuchukue neno linalosikika karibu kila sehemu: kushtuka. Mkorea akishtushwa hupaza "Kkamjjagiya!" Mjapani husema "Bikkuri shita!" Tazameni fundo. Mjapani ametia tanakali kwenye suru na kuinyambua kwa wakati uliopita. Mkorea ameipachika tanakali -iya, yaani "ni" ya utambulisho kama yetu ya Kiswahili, hakuna kitenzi cha kufanya hapo. Akitaka sentensi kamili atasema kkamjjak nollatda, ambapo kushtuka kumebebwa na kitenzi nollada na kkamjjak ni kielezi chake, kama tunavyosema kuanguka pu. Sasa aliyetoka kwenye Kijapani ataunda kkamjjak-hada akidhani anasema "kushtuka", na msikilizaji huenda akasikia kupepesa macho. Kiswahili chake, kwa pande zote mbili, ni "Umenishtua!" au "Mama wee!" Mtafsiri asihangaike kutafuta mlio.

Hospitalini ni muhimu zaidi, kwa sababu huko maumivu huelezwa kwa tanakali. Mgonjwa wa Kijapani mwenye zukizuki ana maumivu yanayopwita kama mapigo ya moyo. Gangan ni kichwa kinachogongwa nyundo. Tumbo la shikushiku linauma polepole bila kukoma, la kirikiri linachoma kama linatobolewa. Mkorea atasema kichwa kinafanya jikkeun-georida, jino au kidonda uksin-georida, na kwa maumivu ya kuchomachoma hutumia kielezi na kitenzi kamili, kokkok ssusida. Kiswahili huyabeba haya kwa vitenzi vyake: kupwita, kugonga, kusokota, kuchoma. Mkalimani anayetafsiri zote kuwa "inauma sana" amemficha daktari nusu ya habari.

Na msirudie kitenzi cha Kiswahili kwa sababu tu upande wa pili umerudia. Kurudia kwao ni kuendelea kwa tendo. Kwetu kurudia kitenzi mara nyingi hulipunguza au kulifanya la ovyo: kuchekacheka si kucheka kwa muda mrefu, kulialia si kulia kwa uchungu. Banjjak-georida inaingia vizuri kwenye kumetameta kwa sababu kitenzi hicho kimezaliwa hivyo. Zaazaa furu ikitafsiriwa "inanyeshanyesha" mvua ya gharika imegeuka manyunyu.

Mkilichapa tena jedwali, tunapendekeza mstari ule wa kung'aa usomeke hivi. Kijapani: kirakira (to) hikaru kwa nyota, pikatto hikaru kwa radi, giragira kwa jua kali, pikapika ni migaku kwa viatu vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Kikorea: banjjak-georida kwa nyota, beonjjeok-georida kwa radi. Kiswahili: kumetameta, kumulika, kuwaka, kung'arisha. Na chini yake, kwa herufi ndogo: banjjak-banjjak haipokei -georida.

Wakufunzi wa tafsiri,
Dar es Salaam